Kifua kikuu: Dawa ni ya bure, lakini jamaa za Kaskazini Mashariki zingali zinalipa

UGONJWA wa kifua kikuu hauingii nyumbani kwa kishindo. Huanza kwa kikohozi kidogo ambacho mwenyewe hudhani kimeletwa na vumbi la kiangazi. Wiki mbili hupita, mwezi ukaisha, na kabla watu wa boma hawajang'amua kinachotendeka, baba aliyezoea kutembea na ngamia kutwa nzima hawezi tena kuvuta ndoo ya maji kutoka kisimani.

Hiyo ndiyo hali ambayo familia nyingi za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zimeishi nayo kwa vizazi. Kaunti hizo tatu ndizo zilizounda mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi serikali za ugatuzi zilipoanza kazi mwaka 2013. Wasomali wa eneo hilo huuita ugonjwa huu qaaxo, na ni jina ambalo hadi leo hutamkwa kwa sauti ya chini.

Kinachosikitisha ni kwamba kifua kikuu hutibika. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya umma kote nchini. Iwapo dawa ni ya bure, mbona ugonjwa huu ungali unafukarisha jamaa, unavunja ndoa na kuwatoa watoto shuleni?

Jibu halimo ndani ya kidonge. Limo katika safari ndefu ya kukifikia kidonge hicho, na katika miezi sita ya kukimeza bila kukosa hata siku moja.

Adui wa hewani

Kifua kikuu husababishwa na bakteria aliyetambuliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, ambaye alitangaza ugunduzi wake mjini Berlin mnamo Machi 24, 1882. Ndiyo sababu ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu kila mwaka tarehe hiyo.

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, hutoa hewani chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Anayeivuta hewa hiyo huweza kuambukizwa. Ugonjwa huu hauenezwi kwa kusalimiana kwa mikono, kuketi kwenye mkeka mmoja wala kula sahani moja, ijapokuwa hayo ndiyo mambo ambayo watu wengi huyaogopa.

Aidha, si kila aliyeambukizwa huugua. Wataalamu wanakadiria kuwa takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa vimelea hivyo, lakini ni watu 5 hadi 10 tu kati ya kila 100 walioambukizwa ambao huja kuugua maishani mwao. Kwa waliosalia, kinga ya mwili huvidhibiti vimelea na kuvilaza. Vimelea hivyo huamka mwili unapodhoofika kwa njaa, virusi vya HIV, kisukari, uzee au maradhi mengine. Hapo ndipo umaskini hupata mlango wa kuingilia.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani mwaka 2023, na watu milioni 1.25 wakafariki. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu kati ya 10 na 15 kwa mwaka. Wa kwanza kupatwa huwa ni wale wanaolala naye chumba kimoja: mke, watoto, na nyanya anayewalea wajukuu.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa ambao matokeo yake yalitangazwa mnamo Machi 2017 ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na kifua kikuu. La kutia hofu zaidi ni kwamba karibu wagonjwa 40 kati ya kila 100 hawakuwa wakitambuliwa na vituo vya afya. Watu hao walikuwa wakiendelea na shughuli zao, wakikohoa sokoni, garini, msikitini na kanisani, bila kujua walichobeba.

Kwa nini Kaskazini Mashariki

Watu wengi wanapousikia ugonjwa wa kifua kikuu huuhusisha moja kwa moja na ukimwi. Ni kweli kwamba HIV imechochea kifua kikuu katika sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo, Kaskazini Mashariki limekuwa kwa miaka mingi eneo lenye kiwango cha chini zaidi cha HIV nchini. Kwa hivyo chanzo cha masaibu ya eneo hilo sharti kitafutwe kwingine: katika njaa, msongamano na umbali.

Eneo hilo lina ukubwa wa takriban kilomita mraba 127,000, na sehemu kubwa ni nyika kame. Kutoka mji wa Mandera hadi Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita 1,000. Hata ndani ya kaunti moja, jamaa inaweza kuwa umbali wa siku nzima kutoka kwa zahanati iliyo karibu, na zahanati yenyewe huenda haina kifaa cha kupima makohozi.

Nyumba ya wafugaji wanaohamahama, ambayo Wasomali huiita aqal na Wakenya wengine huijua kwa jina herio, ni kazi ya busara kubwa. Akina mama huijenga kwa matawi yaliyopindwa na mikeka, kisha siku ya kuhama huivunja na kuibebesha ngamia. Lakini usiku, upepo wa vumbi unapovuma, nyumba hiyo hufungwa, moto wa kupikia ukiwa umeacha moshi ndani, na watu wa rika zote hulala bega kwa bega. Iwapo mmoja wao ana kifua kikuu, hewa aliyoitoa ndiyo watakayoivuta wenzake hadi alfajiri.

Waliopoteza mifugo na kuhamia mjini hawakupata afueni. Katika mitaa ya Garissa inayoitwa bulla, kama vile Bulla Iftin na Bulla Punda, jamaa zilizofukuzwa nyikani na ukame zimejibanza na kuishi kwa vibarua, kuuza maziwa au kuchuuza vitu vidogo. Vyumba ni vidogo na wageni kutoka nyikani hawaishi, kwani kwa desturi ya Kisomali jamaa hafungiwi mlango. Vikao vya kutafuna miraa, ambavyo huwakusanya wanaume kwa saa nyingi ndani ya chumba kimoja, navyo huupa ugonjwa nafasi ya kuenea, licha ya kwamba miraa yenyewe humwondolea mtu hamu ya chakula.

Ukame nao umezidisha madhila. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2.5 iliangamia katika kaunti kame za Kenya. Mfugo unapokufa, maziwa hukauka, na maziwa ndiyo chakula kikuu cha mtoto wa mfugaji. Mwili uliokosa maziwa kwa miezi kadhaa ni mwili ambao vimelea vilivyolala huamkia.

Kisha kuna kambi za wakimbizi za Dadaab zilizoanzishwa katika kaunti ya Garissa kuanzia mwaka 1991, baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Wakati wa njaa ya mwaka 2011, kambi hizo zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Wengi wao walitoka katika nchi ambayo mfumo wake wa afya ulikuwa umesambaratika, na baadhi walikuwa wameanza dawa za kifua kikuu na kuziacha njiani kwa sababu ya vita. Ni haki kusema pia kwamba hospitali za kambini zimewahudumia wenyeji wa Dadaab na vijiji jirani ambao hapo awali hawakuwa na pa kwenda.

Si vyema pia kuisahau desturi ya kunywa maziwa mabichi. Ipo aina ya kifua kikuu inayotoka kwa mifugo, hasa ng'ombe, ambayo humwingia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa ya mnyama mgonjwa. Kesi nyingi za kifua kikuu hutokana na hewa, si maziwa, lakini kuyachemsha ni kinga rahisi isiyohitaji daktari.

Gharama isiyoandikwa kwenye cheti

Tuchukue mfano wa jamaa ya mfugaji mwenye mke na watoto watano, kilomita nyingi kutoka mjini Garissa. Baba anapoanza kukohoa, hakimbilii hospitali. Kwanza hunywa mchuzi wa nyama na samli, tiba iliyoaminiwa tangu jadi. Isipofaa, hutafutwa mzee wa kumchoma kifuani kwa chuma cha moto, mila ambayo ingali hai miongoni mwa wafugaji. Isipofaa tena, mbuzi mmoja huuzwa ili zinunuliwe dawa za kikohozi katika duka la dawa kwenye kituo cha biashara.

Miezi hupita hivyo. Kufikia siku anapokwenda kupimwa, mbuzi kadhaa wameshauzwa na mkewe tayari anakohoa.

Safari ya mjini hugharimu nauli ya watu wawili, kwa sababu mgonjwa aliyedhoofika hawezi kusafiri peke yake. Mjini kuna chakula cha kununua na pengine malazi ya kulipia. Huenda akatakiwa kupigwa picha ya kifua, kisha akaambiwa arudi siku nyingine kuchukua majibu. Ndipo anapopewa dawa ambazo, ni kweli, hazimgharimu hata senti moja.

Gharama nzito zaidi ni ile ya kazi isiyofanyika. Mfugaji asiyeweza kutembea hawezi kuchunga. Mifugo huachiwa kijana mdogo ambaye hana uzoefu wa kuwaepusha na fisi au kujua mahali palipo na malisho. Huo pia ndio wakati ambapo jamaa hulazimika kuuza mifugo kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi akijua una mgonjwa nyumbani, hujua huna nafasi ya kusubiri bei nzuri.

Hayo si mambo ya kukisia tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 kuhusu gharama zinazowakumba wagonjwa wa kifua kikuu nchini Kenya uligundua kuwa zaidi ya robo ya familia zilizoathiriwa, yaani asilimia 26.5, zilipoteza zaidi ya moja kwa tano ya mapato yao ya mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo. Kwa familia zilizokuwa na mgonjwa wa kifua kikuu sugu, kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 86.4.

Mzigo huo haugawanywi sawa. Mama ndiye anayemuuguza mumewe, kuteka maji, kutafuta kuni na kuwalisha watoto. Akiugua yeye, mara nyingi hungoja hadi apatikane mtu wa kumsindikiza na pesa za safari, na hizo hutoka mkononi mwa mume. Kazi zake hurithiwa na binti mkubwa, ambaye huacha shule kwa muda. Katika eneo ambalo wasichana wengi hawamalizi masomo, kuacha kwa muda mara nyingi huwa ni kuacha kabisa.

Watoto wachanga nao wako hatarini zaidi. Chanjo ya BCG inayotolewa mtoto anapozaliwa huwakinga dhidi ya aina hatari za kifua kikuu, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo, lakini mtoto aliyezaliwa nyikani huenda asiipate kwa wakati. Isitoshe, mtoto mdogo hawezi kukohoa makohozi ya kupimwa, na hivyo ugonjwa wake hudhaniwa kuwa ni utapiamlo au homa ya kawaida.

Aibu inayoua

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Pengine hakuna ugonjwa unaofichwa Kaskazini Mashariki kama huu.

Wapo wanaoamini kuwa kifua kikuu hurithiwa katika ukoo. Kwa mtazamo huo, mgonjwa mmoja huwatia doa ndugu zake wote. Msichana wa nyumba hiyo huenda akakosa mchumba. Mwanamke aliyeolewa anaweza kurejeshwa kwao. Mzee aliyekuwa akisikizwa barazani hutengewa kikombe na sahani, na baadaye huona mwenyewe kuwa ni heri kuketi kando.

Wengine humdhania mgonjwa kuwa ana ukimwi, dhana ambayo huongeza aibu juu ya aibu. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wagonjwa huenda kutafuta matibabu katika mji wa mbali ambako hawajulikani, na hivyo kuongeza gharama na uwezekano wa kuyakatiza.

Ukweli ni kwamba kifua kikuu hakirithiwi. Kinaonekana kuandama ukoo mmoja kwa sababu watu wa ukoo huo hulala pamoja na kuvuta hewa moja. Tena, mgonjwa anayemeza dawa ipasavyo kwa wiki chache kwa kawaida hupoteza uwezo wa kuambukiza wengine. Kumtenga kwa miezi sita, au kwa maisha yake yote baada ya kupona, hakumkingi mtu yeyote.

Vilevile, si kila kifua kikuu kiko kifuani. Ugonjwa huu huweza kushika tezi za shingo, uti wa mgongo au viungo vingine vya mwili. Mgonjwa wa aina hiyo hana kikohozi na kwa kawaida hamwambukizi mtu, lakini asipotibiwa anaweza kulemaa au kufa.

Miezi sita na mawingu ya mvua

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza mchanganyiko wa dawa nne, kisha humeza mbili kwa miezi minne inayofuata. Dawa hizo huvishambulia kwanza vimelea vinavyozaana kwa kasi, na ndiyo maana mgonjwa huanza kunenepa na kupata nguvu baada ya wiki chache. Vimelea vizito, vilivyolala, huhitaji muda mrefu zaidi kumalizwa.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mgonjwa akishaona amepona, huona hana sababu ya kuendelea kumeza dawa. Mwingine hutishika anapoona mkojo wake umegeuka rangi ya machungwa, asijue kuwa hilo ni tokeo la kawaida la dawa iitwayo rifampicin wala si dalili ya damu. Mwingine huacha kwa sababu dawa humtia kichefuchefu, au kwa sababu hamu ya chakula imemrudia ilhali nyumbani hakuna cha kula.

Kwa mfugaji kuna sababu nyingine kubwa kuliko hizo zote, nayo ni mvua. Habari zikifika kwamba mvua imenyesha upande wa pili wa kaunti, au ng'ambo ya mpaka wa Somalia au Ethiopia, boma zima huhama. Mgonjwa hawezi kubaki peke yake chini ya mti akingoja siku ya kuchukua dawa. Akiondoka, kadi yake ya matibabu hubaki katika zahanati ambayo hatairudia kwa miezi mitatu.

Dawa zinapokatizwa, vimelea vilivyosalia huweza kuzizoea na kuwa sugu. Kifua kikuu sugu kilikuwa kikitibiwa kwa muda wa hadi miaka miwili, mgonjwa akidungwa sindano kwa miezi kadhaa, na baadhi ya wagonjwa walipoteza uwezo wa kusikia. Kibaya zaidi, mgonjwa huyo huambukiza wengine vimelea ambavyo tayari ni sugu. Mtoto wake anaweza kuanza safari ya ugonjwa mahali ambapo babake aliishia.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani huleta swali jingine. Wapo wanaoacha dawa za asubuhi ili wafunge. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye, na hata kwa yule ambaye hali yake inamruhusu kufunga, mhudumu wa afya anaweza kumpangia kumeza dawa wakati wa daku au baada ya futari. Maimamu wanapolieleza jambo hili msikitini, husikizwa kuliko bango lolote la hospitali.

Funzo lililotoka Wajir

Huenda wengi wasijue kwamba njia ya kumtibu mfugaji anayehamahama ilibuniwa papa hapa Kaskazini Mashariki.

Annalena Tonelli, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1943, alifika Kenya akiwa kijana na kufanya kazi ya ualimu kabla ya kujitolea kuwahudumia wagonjwa wa Wajir. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa WHO wa kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu. Wakati huo madaktari wengi waliamini kuwa mtu asiye na makao ya kudumu hawezi kumaliza matibabu.

Badala ya kuwalaza wagonjwa wodini, Tonelli aliwaalika wajenge nyumba zao za mikeka kwenye uwanja ulio karibu na kituo alichokuwa akihudumu. Mahali hapo pakajulikana kama Bismillah Manyatta. Wagonjwa waliishi humo kwa miezi sita, katika nyumba za aina waliyoizoea, na kila siku walimeza dawa mbele ya mhudumu. Walipomaliza, walirudi kwa mifugo yao wakiwa wamepona.

Utaratibu huo wa kumeza dawa mbele ya shahidi ndio uliokuja kuwa mojawapo ya nguzo za mfumo wa DOTS, ambao WHO iliupigia debe duniani kote katika miaka ya tisini. Nguzo nyingine zilijengwa Tanzania kuanzia miaka ya sabini, ambako daktari Karel Styblo alisaidia kuweka mfumo wa kitaifa wa kuwasajili na kuwafuatilia wagonjwa. Hata ushahidi kwamba miezi sita yatosha kuponya kifua kikuu ulitokana kwa kiasi kikubwa na majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Kabla ya hapo matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi.

Tonelli hakuruhusiwa kuendelea na kazi yake Wajir. Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, alisaidia kuwahudumia majeruhi na kuyafichua yaliyotendeka, na hatimaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu nchini Somalia, na baadaye katika mji wa Borama, Somaliland. Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Miezi michache baadaye, Oktoba 5, 2003, alipigwa risasi na kuuawa huko Borama.

Funzo aliloliacha ni rahisi kulieleza. Mgonjwa hakuwa mkaidi kama ilivyodaiwa. Ni mfumo wa matibabu ambao haukuwa umemfikiria. Ulipombadilikia, alimaliza dawa. Hata hivyo, manyatta haikuwa dawa ya kila tatizo. Ilihitaji chakula, maji na wahudumu kwa miezi mingi, na mgonjwa aliyekaa humo alikuwa bado hayupo kwa mifugo yake.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Sayansi imepiga hatua. Mashine za GeneXpert, ambazo WHO iliziidhinisha mwaka 2010, hupima makohozi na kutoa majibu kwa takriban saa mbili, na wakati huo huo huonyesha iwapo vimelea ni sugu kwa rifampicin. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kuwapa watoto wote wenye kifua kikuu dawa zilizotengenezwa mahususi kwa ajili yao, zinazoyeyuka katika maji na zenye ladha ya matunda. Hapo awali wazazi walilazimika kupasua vidonge vichungu vya watu wazima na kukisia kipimo. Na mwaka 2022 WHO ilipendekeza matibabu mapya ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu, bila sindano.

Hata hivyo, mashine haiwezi kumfuata ngamia. Makohozi yaliyotolewa katika zahanati ya kijijini sharti yasafirishwe hadi ilipo mashine, na majibu yarudi kabla jamaa haijahama.

Usalama nao umeacha makovu. Baada ya abiria 28 wa basi kuuawa karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, na shambulizi la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa ambapo watu 148 walifariki, wahudumu wengi wa afya na walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Zahanati ikikosa mhudumu, dawa ya bure iliyo kabatini haimfai mtu.

Swala la fedha pia linatia wasiwasi. Kwa miaka mingi, vita dhidi ya kifua kikuu nchini vimetegemea sana misaada ya kigeni. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada mingi na kulivunja shirika lake la USAID, mmoja wa wafadhili wakuu wa huduma hizo. Kaunti zenye mapato madogo, kama zile za Kaskazini Mashariki, ndizo zenye uwezo mdogo zaidi wa kuziba pengo kama hilo.

Jambo moja ambalo halihitaji mashine ni chakula. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Jharkhand, India, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa familia za wagonjwa zilipopewa chakula chenye lishe, visa vipya vya kifua kikuu miongoni mwa jamaa wanaoishi na mgonjwa vilipungua kwa takriban asilimia 40. Kwa eneo ambalo serikali na mashirika tayari husambaza chakula cha msaada kila ukame unapotokea, si jambo gumu kuhakikisha nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu haisahauliwi katika orodha hiyo.

Mgonjwa na jamaa yake wafanye nini

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetokwa na jasho jingi usiku, anayepungua uzani bila sababu au anayekohoa damu, asingoje. Aende kituo cha afya kilicho karibu akapimwe. Na yeyote aliye na uvimbe wa shingoni usiopona naye akapimwe vilevile.

Mgonjwa akipatikana, jamaa yote inayolala naye ipimwe pia. Walioambukizwa lakini hawajaugua, hasa watoto wadogo, wanaweza kupewa dawa za kinga. Nyumba ipitishwe hewa na mwanga wa jua, mgonjwa afunike mdomo anapokohoa, na maziwa yachemshwe.

Mfugaji anayetarajia kuhama asiondoke kimya. Amweleze mhudumu anakoelekea, apewe barua ya kumhamisha na dawa za kumtosha njiani. Wahudumu nao wamuulize kuhusu safari zake siku ya kwanza, kabla hata ya kumpa kidonge cha kwanza, maana ratiba ya mvua ni sehemu ya matibabu yake kama ilivyo ratiba ya dawa.

Ndani ya jamaa, apatikane mtu mmoja wa kumshuhudia akimeza dawa kila siku. Anaweza kuwa mke, kaka au hata mwanafunzi wa shule ya msingi. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Inahitaji mtu ambaye haoni haya kuketi karibu na mgonjwa.

Na pengine hapo ndipo pa kuanzia. Mgonjwa anayetengewa kikombe hujifunza kuficha kikohozi chake, na kikohozi kilichofichwa hulala na watoto usiku kucha. Anayeketishwa karibu na wenzake, akaulizwa kila asubuhi kama amemeza dawa, huwa na sababu ya kuimaliza miezi yake sita.